Nzele ya Mpakuzi

Mtu anayepakua chakula kwenye karamu hutazamwa kuliko bwana harusi. Yule mama aliyetupakulia sisi nilimtazama zaidi ya miaka ishirini, na sikumtazama kwa wema. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nimeketi hapa kuandika sifa.

Upande wetu wa Zombe tulimwita Mpakuzi. Jina lake la ubatizo liko kwenye kitabu cha kanisa, asiyeamini akalitafute huko. Harusi, matanga, ibada ya mavuno, mkutano wa akina mama, yeye ndiye aliyesimama nyuma ya sufuria. Kamati haikumchagua. Sufuria kubwa ya pekee kijijini ilikuwa yake, na mwenye sufuria ndiye mwenye mkono.

Upawa hakushika. Alipakua kwa nzele, ile nusu ya kibuyu tunayonywea uji. Ndani ya nzele yake kulikuwa na mstari uliochomwa kwa waya wa moto, vidole viwili chini ya ukingo. Isyo, yaani mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, ilifika kwenye mstari, ikaishia hapo. Mtoto mdogo alipata nusu ya mstari. Mtu mzima alipata mstari. Siku moja mchungaji mgeni alikuja kutuhubiria, mtu mkubwa, shingo imekaa juu ya kola kama mkate ulioumuka, naye akapakuliwa mstari. Mzee wa kanisa akamnong'oneza Mpakuzi, "Mama, huyu ni mgeni. Ongeza."

"Mgeni ana matumbo mangapi?" akamuuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.

Mimi siku hiyo niliona aibu kwa niaba ya kijiji kizima. Kwetu mgeni hujaziwa mpaka akatae. Akikataa unamlazimisha. Sasa huyu mwanamke alikuwa amejifunza wapi hesabu za kupunjia watu?

Alikuwa na misemo yake. "Tumbo halina macho, ndiyo maana Mungu aliyaweka juu yake." Huo aliusema kila karamu, mpaka watoto wakawa wanaumalizia. Ule mwingine aliusema kwa sauti ya chini, akiwa anafuta ukingo wa nzele kwa kidole: "Njaa huua polepole. Shibe huua siku hiyo hiyo." Mimi nilipousikia nilimwambia jirani yangu Mama Kyalo, "Hayo ni maneno ya mtu mwenye gunia uvunguni."

Aliyetaka kuongezwa hakunyimwa, hilo lazima niseme, sitaki kumsingizia. Lakini alikuwa na sheria. Nakumbuka harusi moja kule Salama, binti wa kikundi chetu alipoolewa kwenye zile nyumba za barabarani. Tulisafiri na sufuria yake na nzele yake ikiwa ndani ya kiondo, imefungwa leso kama mtoto mchanga. Kwenye foleni kulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyehamia pale kutoka Mkoa wa Kati, mtu wa tumbo na utani. Akaitazama sahani yake, akamtazama Mpakuzi.

"Mama, hii ni ya kuonja ama ni ya kula?"

"Ni ya kuanzia."

"Na ya kumalizia iko wapi?"

"Iko. Enda ukunywe maji, halafu umsalimu mtu mmoja ambaye hujamsalimu, halafu urudi."

Mtu yule akacheka, akasema hajawahi kuona hoteli ya masharti. Akala, akanywa maji, akamsalimu mzee mmoja wa kwetu. Basi yule mzee akamshika mkono, akaanza kumwelezea ng'ombe mmoja baada ya mwingine, rangi zao na magonjwa yao. Foleni ya pili ilipokwisha, yule mfanyabiashara alikuwa amekaa chini, anapiga miayo, sahani ameiweka chini ya kiti. Hakurudi.

Wenzangu walicheka sana. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa natazama sufuria.

Kwa sababu hapo ndipo kulikuwa na maneno. Kila karamu ilipokwisha, Mpakuzi aliifunika sufuria yake. Hakuruhusu mtu aikwangue wala aioshe. Aliizungusha kamba, akaipandisha kichwani, akaenda nayo kwake ng'ambo ya mto wa mchanga. Na ilikuwa nzito. Shingo ilimwingia mabegani. Ukitembea karibu naye ulisikia kitu kikicheza ndani, chwa, chwa.

"Umesikia hiyo mchuzi?" Mama Kyalo aliniuliza.

"Nimesikia."

"Sisi tumekula mpaka mstari. Yeye anabeba iliyobaki."

"Na ni mjane, anakaa peke yake. Anampikia nani?"

Mnajua kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiazima kiondo, unakirudisha na kitu, hata kama ni mbaazi za kujaza kiganja. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumuuliza. Sufuria ni yake, ameliazima kanisa, lazima irudi na kitu. Lakini tuliona amegeuza desturi kuwa mtego. Anatupunja mbele, anajijazia nyuma, na desturi inamfungia mlango.

Jambo lingine, hakuna aliyemwona akila. Akishamaliza kupakua alikunywa chai, basi. Na hiyo chai, enyi watu! Mwanamke aliyempimia mchungaji isyo kwa mstari alitia sukari vijiko vinne kwenye kikombe kimoja, akakoroga bila haya. Nilimwambia siku moja, "Mpakuzi, hiyo sukari haina mstari?" Akaniangalia juu ya kikombe, akasema, "Kila mtu ana dhambi moja anayoijua." Mtu asiyekula mbele ya watu, watu hujiuliza anakula nini nyuma yao. Huku Ukambani swali kama hilo halikai tupu kwa muda mrefu. Watu walikumbuka kwamba mume wake alikufa kijana, tena ghafla. Watu walisema mambo. Mimi sikuyasema, lakini sikutoka pale yalipokuwa yakisemwa.

Na mara moja nilimshika. Ilikuwa matanga ya mzee mmoja, mbuzi wamechinjwa wawili. Nilizunguka nyuma ya jiko, nikamwona anaviringisha kipande cha maini kwenye jani, anakitia kwenye leso kiunoni. Tukaangaliana. Akakaza fundo la leso, mimi nikarudi zangu mbele. Lakini tangu siku hiyo sikuwa nashuku tena, nilikuwa najua.

Sasa nije kwa mzee wangu, baba wa watoto wangu, maana hapo ndipo shuku yangu ilipata meno.

Mzee wangu aliendesha lori barabara ya Mombasa miaka mingi. Mimi nilibaki na shamba, yeye akabaki na hoteli za Mtito Andei. Niliwahi kumfuata huko mara moja, nikaona jinsi madereva wanavyokula. Ugali unaletwa kama kichuguu, nyama ya kukaanga inaogelea kwenye mafuta, chapati tatu zinakuja juu ya hayo, na soda mbili. Wanakula haraka, lori linanguruma nje. Mzee wangu alikuwa bingwa wao. Walimwita Godauni, yaani ghala, naye akaona ni sifa.

Alirudi nyumbani na kiu isiyokwisha na kidonda mguuni kisichopona. Hospitalini wakasema ni sukari. Sista mmoja akaniketisha, akaniambia vizuri kabisa: "Mama, mzee akule kikombe kimoja cha muthokoi, mboga nyingi, basi. Asishibe mpaka akashindwa kuinuka."

Kikombe kimoja. Nilimwahidi yule sista, nikaweka na mkono kifuani. Muthokoi kama hujui ni mahindi yaliyotwangwa yakatoka ganda, na ni chakula cha mwanamume Mkamba tangu zamani. Kila jioni nilichukua kikombe chetu cha bati, kile kikubwa cha uji, nikachota muthokoi kwenye gunia, nikasawazisha kwa kiganja ili usizidi hata punje. Nikatia na mbaazi kidogo. Nikapika. Nikampa yote, maana kikombe kilikuwa chake. Nakumbuka nilishangaa kwamba madaktari hawa ni wakarimu, sahani ilikuwa inajaa vizuri. Nikasema moyoni, kumbe watu walitudanganya tu kwamba mgonjwa wa sukari hulazwa na njaa.

Sukari haikushuka. Tulirudi kliniki, ikawa imepanda. Sista akaniuliza, "Mama, unapima?" Nikamwambia, "Napima kwa mkono wangu." Tukarudi mara ya pili, mguu umeanza kunuka. Wakamkata vidole viwili.

Nilirudi nyumbani na mzee mwenye fimbo na bandeji, nikaketi jikoni nikafikiri. Mimi napima. Napima kila siku. Basi kama mimi napima na sukari inapanda, kuna mtu mwingine anamlisha. Na nilijua ni nani. Kila Alhamisi mchana mzee wangu alichukua fimbo yake, akavuka mto wa mchanga, akaenda kwa Mpakuzi. Akiwa na vidole kumi alienda. Na vidole vinane bado alienda! Nikimuuliza anasema, "Naenda kunywa maji." Maji gani hayo yasiyokuwa kwangu? Mjane, peke yake, na sufuria ya mchuzi ya kila karamu. Nikaona picha yote. Anamjazia huko asivyomjazia mtu yeyote. Vidole vya mume wangu vimekatwa kwa nzele ya yule mwanamke.

Alhamisi iliyofuata nilimwacha atangulie. Nikavua viatu, nikavuka nyuma yake kwenye mchanga wa moto, nikapita nyuma ya boma, nikachungulia.

Mzee wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha miguu mitatu. Mbele yake kopo kuukuu la mafuta ya kupikia, limefunguliwa. Na kuku wa Mpakuzi, kuku wanene kuliko kuku wote wa Zombe, walikuwa wanagombania chakula miguuni pake. Nikaangalia vizuri. Muthokoi na mbaazi.

Nikaingia. "Huo muthokoi ni wangu!"

Mzee alishtuka mpaka fimbo ikaanguka. Mpakuzi hakushtuka. Alisema tu, "Leta kiti kingine," lakini hapakuwa na kiti kingine, kwa hiyo akaniinamishia kinu, nikakikalia.

"Baba Mwikali, sema," akamwambia mzee wangu. "Mimi nimechoka kulisha kuku wangu chakula chenu."

Mzee akaangalia chini. "Ni kingi," akasema.

"Nini ni kingi?"

"Chakula. Kila siku ni kingi. Ya Jumatano usiku nikaona niwe naiweka kwenye kopo."

"Si ungeniambia!"

"Ningekuambiaje?" Hapo akainua macho. "Nikisukuma sahani yako, utaniuliza nadhani umeweka nini ndani."

Ni kweli. Kwetu mwanamume anayekataa chakula cha mke wake amemwita mchawi bila kutumia neno. Ningepiga kelele mpaka wazee waje. Kwa hiyo siku sita alikula akamaliza kwa heshima yangu, na siku ya saba akaleta kwa kuku.

"Lakini napima!" nikasema. "Sista alisema kikombe kimoja. Napima kikombe kimoja!"

Mpakuzi akaniuliza, "Kikombe gani?" Nikamwonyesha kwa mikono. Akatikisa kichwa kidogo. "Na unapima chakula kikiwa kimeiva?"

"Kikiwa kikavu. Kwani nani hupima chakula kikiwa na maji?"

Hakunicheka. Ningependa angenicheka, ningempiga na mchi. Aliokota punje moja kavu iliyoanguka kando ya kinu, akaiweka kwenye kiganja changu cha kushoto. Kisha akachukua punje iliyoiva kutoka kwenye kopo, akaiweka kwenye cha kulia. Zilikaa hapo. Moja kama jino la mtoto. Nyingine imefura, imelegea, kama mara tatu ya mwenzake.

Nimepika tangu nikiwa msichana. Nimeona muthokoi ukifura siku zote za maisha yangu. Na sikuwahi kufikiri kwamba kikombe kinafura pia.

Mguu wa mzee wangu ulikuwa mbele yangu pale na bandeji yake, nikaiangalia, kisha nikaangalia mahali pengine.

Mpakuzi aliingia ndani akatoka na nzele mpya, ndogo, ameipasua mwenyewe kutoka kwa kibuyu cha mwaka huo. Akatia waya motoni, akachoma mstari. "Hii ni ya kilichoiva," akasema. "Tia mboga kwanza zishike mahali. Halafu hii. Akitaka kuongeza, anywe maji, aende akamsalimu mtu. Na wewe usimwangalie akila. Mwanamume akiangaliwa humaliza."

Nikaichukua. Sikusema asante, nasikitika kusema hivyo. Nilikuwa bado najiuliza amejuaje haya yote, na kwa nini kama alijua kitambo hakuvuka mto kuniambia. Nilimuuliza hilo. Akanijibu, "Ungenifungulia mlango?"

Sukari ilishuka. Si siku hiyo, wala mwezi huo, lakini ilishuka, na kidonda kikafunga. Mzee aliishi miaka mingine mingi na vidole vyake vinane, akaona wajukuu wakianza shule. Wenzake wa barabarani walipomtembelea na kumwita Godauni, alisema, "Godauni imefungwa, siku hizi ni kioski."

Utadhani basi niliacha kumshuku Mpakuzi. Sikuacha. Mtu anaweza kuwa amekusaidia na bado akawa anabeba mchuzi. Sufuria iliendelea kuvuka mto imefunikwa, na mimi nikaendelea kuisikiliza. Maini sikuyasahau.

Mpakuzi nilimwona mara ya mwisho wakati mzee wangu ameshazikwa, na yeye macho yakiwa yamemwishia. Alimtuma Mama Kyalo aniambie nifike kabla ya ibada ya mavuno. Nilimkuta uani amekaa juu ya kile kinu. Isyo ilikuwa motoni.

"Wakya," nikamsalimu.

"Aa. Ni Mama Mwikali. Pakua, mimi sioni mstari tena."

Nikapakua nzele mbili. Alipochukua yake alitumbukiza kidole pembeni, akapapasa mpaka kwenye alama.

"Umezidisha."

"Punje mbili tu!"

"Toa."

Nikatoa. Akaanza kula. Nilikuwa nimemjua miaka yote hiyo, na ndiyo mara ya kwanza kumwona anatafuna. Alitafuna polepole sana, kama mtu anayesikiliza kitu. Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Mpakuzi, ile sufuria ulikuwa unabeba nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya kuisuuzia. Nani anamwaga maji huku kwetu? Nilimwagia mpapai, nikawapa kuku."

"Na chakula?"

"Chakula kilikuwa kinaisha, mama. Kila mara. Mara nyingine mwisho wa foleni nilikuwa nakwangua kwa kucha." Akaweka nzele magotini. "Mume wangu alirudi kutoka kuchunga upande wa Tana, wakati wa ile njaa ya mahindi ya manjano. Amekuwa mifupa. Mahindi ya msaada yaligawanywa siku hiyo hiyo, nikapika yote. Nikampa sahani. Alikula bila kuangalia sahani, anaangalia sufuria. Mtu aliyeona njaa haangalii sahani. Kila akiona imepungua anaongeza mwendo, na mimi nafurahi, naongeza. Ananiambia, leo umenipenda. Jua halijazama, tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Kesho yake nikamzika. Watu walisema nimeweka kitu kwenye chakula."

Nikaiweka nzele yangu chini.

"Na nilikuwa nimeweka," akasema. "Nilikuwa nimeweka chakula." Akachukua nzele yake tena. "Tangu hapo, sufuria ikiisha, naifunika. Mtu akijua kuna iliyobaki, mstari unamtosha. Akijua imeisha, atataka ya mwenzake."

"Tulikuita mwizi."

"Nilisikia. Mwizi ni afadhali. Mwizi ana kitu."

Tukala kidogo. Kuku walikuwa wamekonda sasa, walizunguka miguu yetu bila tumaini kubwa. Nikashindwa kujizuia.

"Na yale maini?"

Alicheka, meno mawili yakaonekana. "Hayo nilikula. Matamu!"

Nilipoinuka kuondoka alinionyesha sufuria kwa kidevu. Alisema ni yangu sasa, pamoja na nzele yenye mstari, mavuno ni Jumapili na watu watakuwa wengi kuliko chakula, mvua unajua ilivyokuwa. Nikaiosha. Nikaipandisha kichwani.

"Haiendi tupu," akasema. Akachota maji kwa kupapasa, nikainama, akamimina. "Funika."

Nikafunika, nikaaga. Mtoni nikakutana na Mama Kyalo anatoka kuchimba maji mchangani, na wanawake wengine wawili nyuma yake. Akasimama. Akasikiliza chwa, chwa.

"Mama Mwikali! Amekupa na sufuria? Kwani umebeba nini humo ndani?"

Maji yalikuwa yananichuruzika nyuma ya sikio. "Chakula," nikamwambia. "Kimebaki kingi."

Akaiangalia sufuria, kisha akaniangalia mimi, taratibu, kuanzia leso mpaka miguu. Yale macho nayajua, nilikuwa nayo miaka ishirini. Nikabana mfuniko kwa kidole gumba, nikavuka.